Maneno ya Moyo: Toka Kilatini cha Altare Mupaka Lugha ya Nyumbani
(Hotuba iliyosomwa Kilwa wakati wa yubile ya parokia)



Kamati ya yubile ilituomba tuseme maneno machache. Historia ya majengo na ya wale waliotutangulia, wengine wameieleza vizuri katika kurasa zingine za kitabu hiki kidogo. Sisi tumechagua kusema juu ya maneno yenyewe; na kati ya maneno yote tumechagua yale ambayo mutu anayatumia kwa kutaja mambo yanayopita ndani yake: furaha, woga, hasira, huzuni, huruma, mapendo. Tutauliza kwanza yalitoka wapi katika Kilatini, lugha ambayo wazee wetu waliisikia kwenye altare, na katika lugha zilizozaliwa nayo. Moja ya lugha hizo ni Kifransa, ambacho watoto wetu wanasoma kila siku. Kisha tutarudi nyumbani, maana safari isiyorudi nyumbani ni upotevu.

Tuanze na neno la siku hii. Yubile ni neno lenye baba wawili. Baba wa kwanza ni Mwebrania: yobel, ndio kondoo dume na pembe yake, pembe iliyopigwa kwa kutangaza mwaka wa makumi tano, mwaka wa kufungua watumwa na kurudisha mashamba. Baba wa pili ni Mulatini. Wale waliotafsiri Maandiko waliandika iubilaeus, na katika sikio lao neno hili lilifanana na iubilare, kupiga kelele ya furaha. Varro, musomi wa Roma aliyekufa mwaka 27 mbele ya Kristu, aliandika kwamba iubilare lilikuwa neno la watu wa mashamba, siyo la watu wa muji. Na Mutakatifu Augustino, Mwafrika wa Kaskazini na askofu wa Hippo, katika inchi inayoitwa leo Algeria, alieleza kwamba wavunaji wanaanza kuimba kwa maneno, lakini furaha inapowazidi, wanaacha maneno, inabaki sauti tu. Wamama wetu hawahitaji maelezo zaidi. Walikwisha kutufasiria neno yubile leo asubuhi, kwa vigelegele, walipoona maandamano yanatoka mulangoni.

Basi neno tunalolisikia leo kama neno kubwa la Kanisa lilitoka katika pembe ya mnyama na katika kinywa cha mukulima. Mushike jambo hili, kwa sababu ndiyo njia tutakayofuata mupaka mwisho.

Mwalimu na ubao

Tulipokuwa wanafunzi, mwalimu mumoja wa Kifransa aliandika ubaoni neno émotion, akatuuliza: "Kwenu munasema namna gani?" Tulinyamaza. Mumoja alijaribu kusema "moyo kuruka". Darasa lote likacheka, na mwalimu pia. Kisha akatuambia kwamba lugha zetu zinafaa kwa soko, kwa jembe na kwa wavu, lakini kwa mambo ya ndani ya mutu hazina maneno. Tuliandika hayo katika daftari zetu, na wengi kati yetu waliyaandika katika moyo vilevile. Tangu siku ile, tulipotaka kusema jambo zito la ndani, tulikimbilia Kifransa, kama mutu anayeazima koti kwa kwenda kwenye arusi.

Leo, kisha miaka mingi, tunataka kumujibu mwalimu yule bila chuki. Jibu letu ni hili: neno alilolisifu halikuzaliwa ubaoni. Émotion linatoka katika émouvoir, nalo linatoka katika Kilatini movere, maana yake kusogeza, kutikisa. Katika karne ya 16, Wafransa walilitumia neno hilo hata kwa fujo ya watu barabarani, muji ukiwa umechafuka. Polepole tu fujo ya barabara ikaingia ndani ya kifua. Na sisi je? Hatusemi musukosuko wa moyo? Hatusemi moyo umechafuka, maneno yake yalinigusa? Mwanafunzi aliyejibu "moyo kuruka" alikuwa amepita katika njia ileile ya Wafransa. Kosa lake lilikuwa moja tu: alipita bila koti.

Umaskini wa Walatini

Tena kuna jambo ambalo mwalimu hakutuambia, pengine naye hakuambiwa. Kilatini chenyewe kiliona haya siku moja. Mbele ya Wagriki, Waroma walijiona maskini wa maneno. Lukresio, mutunzi wa mashairi wa karne ya kwanza mbele ya Kristu, alilalamika kwamba lugha ya mababa zake haitoshi kwa kueleza mambo ya wasomi Wagriki.

Na Cicero, katika kitabu alichokiandika mwaka 45 mbele ya Kristu, alikutana na shida ileile ya darasa letu. Wagriki walikuwa na neno pathe kwa kutaja woga, tamaa, hasira na mengine ya namna hiyo. Alitafakari: tukitafsiri neno kwa neno, tutasema "magonjwa", lakini Mulatini hatapenda kuita huruma au furaha ugonjwa. Mwisho akachagua perturbationes, ndio machafuko. Miaka zaidi ya mia nne kisha yeye, Augustino aliona kwamba jambo halijaisha: wengine wanasema perturbationes, wengine affectiones, wengine passiones, yaani mambo ambayo mutu anateswa nayo au anayapokea.

Kwa hiyo, wandugu wapenzi, lugha ile ambayo tuliidhani ilishuka mbinguni ikiwa kamili, ilijengwa na watu waliopapasa, waliochagua, waliokataa, na walioazima kwa jirani. Umaskini wa lugha ni wakati tu katika maisha yake, siyo asili yake. Lugha inatajirika siku wana wake wanapokataa kunyamaza.

Moyo, nyongo, jicho na njia nyembamba

Tuangalie sasa Walatini waliyachukua wapi maneno yao ya ndani. Waliyachukua katika mwili na katika kazi, pahali ambapo sisi vilevile tumeyachukua.

La kwanza ni cor, moyo. Wafransa walitoa humo cœur, na toka moyo wakatoa courage. Encourager, kama tukilichambua, ni kutia moyo. Hakuna Mufransa aliyetufundisha kusema "tia moyo", wala sisi hatukuwafundisha. Watu wawili wasiojuana walimuona mwenzao ameanguka, na kila mumoja katika inchi yake akajua kwamba kitu kilichopunguka kwake ni moyo. Concordia ni mioyo kuwa pamoja. Discordia ni mioyo kuachana.

La pili ni nyongo. Kifransa cha zamani kilisema ire kwa hasira, toka Kilatini ira. Lakini watu waliacha neno hilo polepole, wakashika colère. Colère ni cholera ya Kilatini, iliyotoka kwa Wagriki, na asili yake ni nyongo. Maana waganga wa zamani waliamini kwamba nyongo ikizidi mwilini, mutu anakuwa mukali. Neno lilelile, kwa njia ingine, likawa choléra, ugonjwa wa kuhara na kutapika ambao watu wa kandokando ya ziwa letu wanaujua kupita vile tungependa. Kolera na colère ni mapacha. Kila mama wa Kilwa anayepasua samaki anajua kwamba nyongo ikipasuka, nyama yote inakuwa chungu, hata ukiosha namna gani. Hakusoma Kigriki, lakini akimuambia mutoto wake "usiniharibie moyo kwa nyongo", anasema sawasawa na waganga wale.

La tatu ni jicho. Wivu kwa Kilatini ni invidia, toka videre, kuona: ni kumutazama mwenzako vibaya. Humo ndimo lilitoka envie ya Kifransa. Wandugu zetu wa pwani wanaita jambo hilo kijicho, na sisi tunasema jicho mubaya. Hapa tena Roma na Kilwa wamekaa kwenye kiti kimoja.

La ine ni njia nyembamba. Angoisse, ile hofu inayobana kifua usiku, inatoka katika angustia, ndio wembamba, pahali pa kubanana. Na neno letu ziki, ambalo watu wa pwani wanatamka dhiki, lilitoka katika Kiarabu, na kule vilevile maana yake ya kwanza ni wembamba. Mulatini na Mwarabu walipitia mulango mumoja mwembamba. Naye mugonjwa wetu anaposema "moyo unabanwa", anapitia palepale.

La tano ni bei. Caritas, ambalo tunalisikia kila siku katika jina la ofisi ya misaada ya Kanisa, linatoka katika carus, maana yake kitu cha bei kubwa, kisha mutu unayemupenda. Kifransa kimehifadhi hayo mawili pamoja: mwanafunzi anaandika cher ami katika barua yake, kisha anakwenda dukani na kulalamika kwamba sukari ni chère. Asicheke. Neno linamufundisha kwamba mapendo yasiyolipa bei yoyote si mapendo bado.

Mama mumoja, watoto wengi

Kilatini kilipokufa katika vinywa vya watu wa kawaida, kiliacha watoto: Kifransa, Kiitalia, Kihispania, Kireno, Kirumania na wengine. Kama vile watoto wa mama mumoja wanavyogawana vitu vyake kisha mazishi, hawakuchukua vitu vilevile.

Kwa woga, mama alikuwa na maneno mengi, kati yao pavor na metus. Mufransa na Mwitalia walichukua pavor, wakasema peur na paura. Muhispania na Mureno walichukua metus, wakasema miedo na medo. Murumania hakuchukua hili wala lile, akaenda kuazima kwa Wagriki na kusema frică. Neno moja vilevile linaweza kugawanyika katika nyumba moja. Pietas kwa Waroma ilikuwa heshima kwa miungu, kwa wazazi na kwa inchi. Katika Kifransa imezaa wawili: piété, ibada, na pitié, huruma. Anayetaka kutenga ibada na huruma atambue kwamba anatenga ndugu wa tumbo moja. Naye Mureno, kwa neno solitas, upweke, alifanya saudade, ile hamu ya mutu au ya pahali palipo mbali, ambayo jirani zetu wa Angola wanaiimba mupaka leo.

Lakini mufano tunaoupenda zaidi ni wa Warumania. Wandugu zao wote walishika cor kwa kutaja moyo. Wao walichukua anima, roho, wakaita moyo inimă. Na anima kwa asili ni pumzi. Neno la jamaa yake katika Kigriki, anemos, ni upepo. Sasa tusikilize namna watu wa Katanga wanavyosema. Kitabuni tunaandika "moyo unaniuma". Lakini sokoni, kwenye kilio, katika nyumba, tunasema "roho inaniuma". Na mutu mukarimu tunamuita mutu wa roho muzuri. Tumelichukua neno roho, lililotoka katika Kiarabu, lenye shina moja na neno la Kiarabu la upepo, tukaliweka pahali pa moyo. Yaani kati ya Danube na Moero, watu wasioonana hata siku moja walifanya safari ileile: upepo ukawa pumzi, pumzi ikawa roho, roho ikawa moyo. Tulipokuwa darasani walituambia kwamba kusema "roho inauma" ni kosa la Kingwana. Kama ni kosa, basi taifa zima la Warumania lilikosa pamoja nasi.

Kingwana na maneno yake

Tumefika nyumbani. Kingwana kilikuja na waungwana, wafanya biashara na wapagazi waliotoka upande wa bahari katika karne ya 19. Kikakua katika miji ya migodi, pahali ambapo watu wa kabila nyingi walilazimishwa kuelewana. Kama Kilatini, kiliazima bila haya. Kwa Waarabu kilipata furaha, huzuni, hofu, rehema. Katika shina lake la Kibantu kilikuwa na kupenda, uchungu na moyo. Na kandokando yake zilibaki lugha za mababu, Kibemba, Kiluba, Kisanga na zingine, zenye umutima, muchima, na zenye neno la huruma ambalo tutalirudilia.

Wabenedikto waliofika Katanga mwaka 1910 na Wasalesiani waliofika mwaka 1911 walikuta lugha hizo, wakazitumia katika mafundisho. Lakini misa ilibaki katika Kilatini. Mutaguso wa Vatikano wa Pili, uliokutana toka mwaka 1962 mupaka 1965, ulifungua mulango kwa lugha za watu. Na mwaka 1988 Roma ilikubali utaratibu wa misa wa inchi yetu, iliyokuwa ikiitwa Zaire wakati ule. Tangu siku zile, kazi ya Cicero imekuwa kazi ya wakatekista wetu: kutafuta neno.

Wengine waliianza hata mbele ya Mutaguso. Katika miaka ya 1950, kule Kolwezi, Padri Placide Tempels, Mufransisko, aliyekuwa ameandika kitabu juu ya filosofia ya Wabantu kilichotoka Elisabethville mwaka 1945, alikaa na watu wa kambi za migodi katika kundi lililoitwa Jamaa. Baadaye kundi hilo lilileta maswali makubwa katika Kanisa, nasi hatukukuja kuyahukumu. Tunaangalia jambo moja tu. Mafundisho yake yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Hakuna hata moja lililoazimwa kwa Kilatini wala kwa Kifransa. Yote matatu yanatoka katika maneno ambayo mutoto anayajua mbele ya kwenda shuleni: kuwa muzima, kuzaa, kupenda. Na wafanya kazi wa migodi, wengi wao bila masomo makubwa, walikaa usiku mwingi wakitafakari juu ya maneno hayo, wala hawakufika mwisho wake. Ndiyo ile lugha isiyofaa kwa mambo ya ndani!

Huruma, na neno moja gumu

Tuchukue sasa neno ambalo linarudi katika kila misa: misericordia. Augustino alilieleza kuwa ni moyo wetu kuumia pamoja na taabu ya mwingine: miser, mutu wa taabu, na cor, moyo. Ni moyo uliofungua mulango kwa maskini. Katika wimbo wa Zakaria, Kilatini kinakwenda chini zaidi, kinataja viscera, matumbo ya huruma. Nasi tunasema rehema, neno la Kiarabu lenye shina moja na neno la tumbo la uzazi; na Waebrania wana shina lilelile kwa huruma na kwa tumbo la mama. Wabemba wanasema uluse, Waluba wanasema lusa. Katekista anayefundisha huruma hapa Kilwa ana mali nyingi kuliko Cicero: ana moyo wa Walatini, ana tumbo la mama la Waarabu na la Waebrania, ana uluse wa bibi yake. Asitoe moja tu kwa sababu limeandikwa kitabuni. Awape watu yote, wachague lile linalowagusa.

Linabaki neno gumu, nalo ndilo lililotufanya tukubali kusimama mbele yenu leo. Ni neno hasira.

Hasira ilitoka katika Kiarabu hasra. Lakini kule hasra si ukali. Ni uchungu wa mutu aliyepotewa, ni majuto juu ya kitu kisichorudi tena. Neno lilivuka bahari likiwa kilio. Lilipofika kwetu, likawa moto. Tunafikiri kwamba watu wa pwani waliona jambo la kweli: mara nyingi, yule tunayemuona mukali ni mutu aliyepotewa ambaye hakupata pahali pa kulia.

Wandugu wapenzi, sisi wote tunajua kwa nini tunasema hivi katika muji huu. Mwezi wa 10 wa mwaka 2004, kisha kikundi cha watu wenye silaha kuingia Kilwa, jeshi liliurudisha muji mikononi mwake. Na kadiri ya uchunguzi wa Umoja wa Mataifa, watu zaidi ya 70 walikufa. Mwaka 2007, kule Lubumbashi, mahakama ya kijeshi iliwafungulia washitakiwa kuhusu mauaji hayo. Hatukuja kufungua kidonda siku ya sikukuu. Lakini kidonda kisichotajwa hakijapona, kimefunikwa tu. Tangu miaka ile tumesikia mara nyingi mashauri mema: "Acheni hasira, sameheni." Mashauri hayo ni ya Injili, hatuyakatai. Tunauliza tu: je, tulisikia vizuri ugonjwa mbele ya kutoa dawa? Mutu anaposema kwa Kingwana "niko na hasira", pengine moyo wake unasema kwa Kiarabu cha zamani: "nimepotewa". Ukimuambia aache ukali, atatii mudomoni. Ukimuuliza "ulipoteza nani?", atakaa chini, atalia, na kisha kulia ataweza pengine kusikia neno la kusamehe kwa masikio mapya. Yezu mwenyewe, kwenye kaburi la Lazaro, alilia mbele ya kuita.

Ndiyo maana tunasema kwamba asili ya maneno si muchezo wa wasomi. Mutu asiyekuwa na neno kwa uchungu wake ni kama mugonjwa asiyeweza kumuonyesha muganga pahali panapouma. Na mutu aliyefundishwa kwamba neno lake halifai, atanyamaza hata mbele ya Mungu.

Maombi matatu

Basi tunaomba mambo matatu, kwa heshima.

Kwenu mapadri wetu, na zaidi ninyi muliotoka mbali: mutu akija kwenu na jambo la ndani, mumuache aliseme katika lugha ambayo limemuumia. Kama aliumia katika Kibemba, hatapona katika Kifransa. Tafuteni mufasiri inapowezekana, ama mujifunze ninyi wenyewe. Na hata kama hamukufahamu maneno yote, machozi yana sarufi yake.

Kwenu wazazi na walimu: wafundisheni watoto Kifransa vizuri, tena vizuri sana. Hatusemi kinyume. Lakini mutoto akileta nyumbani neno courage, mumuonyeshe moyo ulio ndani yake. Akileta angoisse, mumuonyeshe ziki. Akileta émotion, mumukumbushe musukosuko wa moyo. Hapo ataona kwamba lugha mbili zake ni vyumba viwili vya nyumba moja, asidhani kwamba kimoja ni sebule na kingine ni jiko.

Kwenu wakatekista na wanaotafsiri sala na nyimbo: mbele ya kuliweka neno kwenye altare, mulipeleke kwanza kandokando ya ziwa. Mulijaribu kwa wavuvi wanaorudi asubuhi na kwa wamama wanaoanika samaki. Kama halisemi kitu kwao, mutafute lingine. Iubilare lilitoka shambani mbele ya kuingia kanisani, na halikuleta haya hata kidogo.

Tumemaliza. Yule mwanafunzi aliyejibu "moyo kuruka", ambaye darasa lilimucheka, tulikaa naye kwenye benchi moja, na siku ile sisi vilevile tulicheka. Leo tunamuomba musamaha mbele ya parokia nzima. Yeye alijibu, sisi tulinyamaza. Na jibu lake lilikuwa sawa: siku ya leo moyo unaruka, nasi hatuna neno bora kuliko hilo.

Na pahali maneno yanapoishia, wamama, ninyi munajua kinachofuata. Tunawaachia nafasi.